Hondohondo na Ufunguo wa Nyumba ya Ngoma

Jamani, mmekaa?

Tumekaa.

Niseme au ninyamaze?

Sema, masikio yetu yako kwako.

Basi hapo kale, kale sana, wanyama wa bonde moja walikuwa na ngoma kubwa. Haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya bonde zima.

Ngoma ile ilipigwa kwa mambo matatu: mavuno, harusi na msiba. Kwa mavuno na harusi walichagua siku waliyoitaka. Kwa msiba hawakuchagua. Ilipigwa siku ya arobaini, kuondoa matanga. Awe tembo, awe panya, alipigiwa. Kabla ya kupigwa, mfiwa halimi, hajengi, hacheki na watu.

Mpigaji alikuwa Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mzito. Alipiga kwa mdomo wake. Mkewe aliitikia. Hondohondo alipiga mara tatu, akanyamaza, mkewe akaitikia, naye akapiga tena. Walifanya hivyo miaka mingi, mpaka wanyama wakasahau kwamba walikuwa wawili.

Kisha ngozi ya ngoma ikapasuka. Masika yakaja, na paa la nyumba ya ngoma likaanguka.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Nyati. Akawaita wanyama. "Baraza halina ngozi," akasema. "Halina hata nyasi za kuezekea. Sisi tuna uwanja tu."

Ng'ambo ya mto aliishi Kiboko, tajiri mwenye ghala la ngozi. Hakuna aliyewahi kumuuliza ngozi zile zilikuwa za nani. Kiboko akavuka pamoja na Kenge, karani wake.

"Mwenyekiti, tufanye ubia," akasema Kiboko. "Ninyi toeni uwanja na ngoma. Mimi nitatoa ngozi na kujenga nyumba. Ngoma itabaki ya wote."

Wanyama wakafurahi. Nyumba ikajengwa, ngozi ikawambwa, tena ngozi nzuri. Kiboko alitimiza alichosema. Hilo tusimnyime.

Ila kila ubia una vikao vyake. Kikao cha kwanza Kiboko akaomba jina lake liandikwe juu ya mlango. Baraza likasema, "Hilo dogo."

Kikao cha pili akaomba ngoma ipigwe kila siku ya soko kuu, mara moja kwa msimu, kwa ajili ya wageni wake wanaovuka mto. Baraza likasema, "Hilo nalo dogo."

Kikao cha tatu akaomba ufunguo ukae kwa Kenge, na siku zote za ngoma ziandikwe kwenye ratiba. Baraza likasema, "Hilo ni utaratibu mzuri."

Hondohondo hakuwepo kwenye vikao vyote vitatu. Mkewe alikuwa mgonjwa, naye alikuwa akimlisha. Kila mara Nyati alimpitia nyumbani na kumweleza waliyokubaliana. Kila mara Hondohondo alijibu, "Sawa, Mwenyekiti."

Mkewe alisikia yote kutoka kitandani. Siku moja akamuuliza, "Baba, siku ya msiba umewauliza?"

"Nitawauliza," akasema Hondohondo.

Hakuwauliza. Kulikuwa na dawa za kuchemsha, na maji ya kuteka, na siku zilikuwa fupi. Mkewe akafa kabla ya mavuno.

Hondohondo akakaa matanga. Siku ya thelathini akatoka kwenda kwa Kenge.

"Pole sana, Mzee Hondo," akasema Kenge. "Nilisikia. Karibu ukae."

"Sikai. Baada ya siku kumi ni arobaini ya mke wangu. Naomba ufunguo siku hiyo."

Kenge akafungua ratiba, akapitisha ukucha juu yake. "Siku hiyo ni ya soko kuu, Mzee. Kuna wageni wa Bwana Kiboko. Halafu msiba haumo humu. Kuna mavuno, kuna harusi, kuna wageni. Msiba nani aliuandika?"

"Hakuna aliyeuandika. Haujawahi kuandikwa."

"Ndiyo hivyo sasa. Mimi ni karani tu. Nenda kwa Baraza, wao ndio wenye ngoma."

Hondohondo akaenda kwa Nyati. Nyati akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Siyo kwamba hatutaki, Mzee Hondo. Marehemu alikuwa mama yetu sote. Lakini tulitia sahihi. Tukivunja ratiba, Kiboko atasema tumevunja ubia. Nenda kamwone mwenyewe, mzungumze kiutu uzima."

Hondohondo akavuka mto kwenda kwa Kiboko.

"Kwa upande wangu sina neno," akasema Kiboko. "Mimi nilitoa ngozi tu. Mambo ya mila ni ya Baraza. Wakiniletea barua, kesho yake nawapa siku."

"Siku gani?"

"Yoyote iliyo wazi. Hata baada ya wiki mbili."

"Mke wangu hafikishi arobaini baada ya wiki mbili, Bwana Kiboko."

Kiboko akatazama maji. "Mzee wangu, hata mimi nilifiwa na mama. Wiki mbili si nyingi."

Hondohondo akarudi kwa Nyati kuomba barua. Nyati akamwambia barua inahitaji kikao. Akarudi kwa Kenge kuuliza kama kikao kimewekwa. Kenge akamwambia kikao hakimo kwenye ratiba. Siku ya thelathini na tisa Hondohondo akaacha kwenda. Mabawa yalikuwa yamechoka.

Siku ya arobaini ilifika. Wageni wakavuka mto, wakajaa uwanjani. Nyati akakaa mbele, Kiboko akakaa kando yake. Mlango ukafunguliwa, ngoma ikatolewa. Mpigaji hayupo.

Kenge akakimbia nyumbani kwa Hondohondo. Alimkuta amekaa mkekani.

"Mzee Hondo, watu wamekaa juani. Twende."

"Mfiwa hapigi ngoma ya mtu mwingine kabla hajampigia marehemu wake," akasema Hondohondo. "Hilo Baraza wanalijua. Labda hawakukumbuka kukuambia uliandike."

"Sasa wageni niwaambie nini?"

"Waambie nina msiba."

Kenge hakuwaambia. Alirudi akasema, "Kupiga ngoma ni kupiga tu. Nitapiga mimi." Aliwahi kuona kwamba ngoma huoteshwa moto kabla ya kupigwa. Hakuwahi kuona kwamba Hondohondo huwasha nyasi, si kuni, wala kwamba kila mara huigusa ngozi kwa shavu kusikia imefika wapi. Kenge akawasha kuni. Akaisogeza ngoma karibu, kisha karibu zaidi. Ngozi ikakazika, ikalia yenyewe mara moja, ikapasuka toka ukingo hadi katikati.

Wageni wakacheka. Kisha wakaona hakuna kingine, wakavuka mto kurudi kwao.

"Karani wako ameharibu ngoma yetu," akasema Nyati.

"Ameharibu ngozi yangu," akasema Kiboko. "Na mpigaji wenu yuko wapi?"

"Mpigaji si wetu. Hakutia sahihi popote."

Kobe, aliyekuwa nyuma kabisa, akauliza polepole, "Kwa hiyo mliandikiana kuhusu uwanja, na ngozi, na mlango, na ufunguo. Nani alikuwa apige?"

Wakaenda kwa Hondohondo, Nyati mbele, Kiboko nyuma na ngozi mpya begani. Wakakaa chini, mkekani.

"Unataka nini, Mzee Hondo?" akauliza Nyati. "Tukiandike."

"Mimi sina ninachotaka zaidi ya kumpigia mke wangu. Lakini mkiandika, andikeni hivi. Siku ya msiba haina ratiba. Na anayepiga akae kikaoni, hata kama mtakuja kukaa nyumbani kwake."

Wakaandika. Kiboko akatia sahihi bila kubishana.

"Sasa piga leo," akasema Kiboko. "Ngozi hii hapa."

Hondohondo akaigusa ngozi. "Leo inalowekwa. Kesho inawambwa. Kesho kutwa inakauka juani. Ngozi haiharakishwi. Mmeiona."

Wakaloweka, wakawamba, wakakausha. Siku ya arobaini na tatu Hondohondo akawasha nyasi, akaweka shavu kwenye ngozi, akapiga mara tatu. Akanyamaza kwa muda ule ule ambao mkewe alizoea kuitikia. Hakuna aliyeitikia. Akapiga tena.

Tangu siku ile, bonde lile huondoa matanga siku ya arobaini na tatu. Ukiuliza kwa nini siyo arobaini, wanakuambia siku tatu ni za ngozi.

Fundisho lake ni hili. Mwenye mali na mwenye mamlaka wakishirikiana kutunza jambo la watu, ni vizuri, washirikiane. Lakini waanze kwa kumkalisha pamoja nao yule anayelifanya, na wamuulize ni siku gani haigusiki. Nawe uliye na neno, liseme siku ya kikao, hata kama umechoka.

Nimeitua hapa. Aliyeipenda aondoke nayo. Asiyeipenda aniachie, nitarudi nayo nyumbani.