Kasoro Aliyoinyamazia Fundi

Wapendwa, leo siwapi mfano wa mpanzi wala wa mchungaji. Hiyo mnaijua, na wengine mkiisikia mnasinzia. Leo nina mfano wa kompyuta. Vijana watanielewa upesi. Wazee wangu, nitakwenda polepole.

Kulikuwa na fundi mmoja, tumwite Anyosisye, mtunza kompyuta za chuo cha ualimu. Chuo kile kilikuwa na kompyuta moja kubwa, wanaiita seva, iliyohifadhi mafaili ya watu wote pamoja na majina yao: nani ni nani, na nani ana ruhusa ya kufungua faili lipi. Programu inayoendesha kazi hiyo ni ya bure. Imetungwa na watu wa kujitolea huko na huko duniani, na yeyote anaweza kuifungua ndani akaitazama na kuirekebisha.

Watu wale wana desturi nzuri. Kabla ya kutoa toleo jipya, hutoa kwanza la majaribio, nao husema wazi: "Hili bado bichi. Msilitumie kwa kazi ya kweli. Lijaribuni, na mkiona kasoro, tafadhali tuambieni mapema." Hawadai malipo. Wanaomba kuambiwa tu.

Anyosisye akalichukua toleo hilo la majaribio, akaliweka kwenye kompyuta ya pembeni, akaanza kulichokonoa. Akabuni jina la mwalimu, akaliwekea na mafaili ya kujaribia, kisha akalifuta aone itakuwaje. Jina likatoka. Lakini baadaye kidogo akagundua kwamba na mafaili yote ya mwalimu yule yametoweka. Hakuna onyo, hakuna kelele. Akarudia. Ikawa vilevile.

Je, aliwaandikia wale watu? La. Alijiambia, "Kiingereza changu chenyewe cha kuokoteza, watanicheka. Na wataalamu wako wengi, mmoja wao ataiona tu." Akajitafutia njia ya kupita: mtu akiondoka chuoni, jina lake halifutwi, linafungwa tu. Kwake tatizo likaisha. Mnasikia, ndugu? Kwake.

Miezi ikapita, toleo kamili likatoka, na kasoro ileile ndani yake, naye Anyosisye akaliweka kwenye seva ya chuo. Katika hospitali moja ng'ambo ya mlima kulikuwa na dada anayeitwa Sekela, aliyesoma pamoja na Anyosisye, naye alitunza kompyuta za pale. Akampigia simu.

"Kaka, wewe si ulilijaribu hili jipya? Niliweke?"

"Weka tu, dada. Mimi ninalo, wala halinisumbui."

Je, alisema uongo? Hapana. Halikuwa likimsumbua.

Sekela akaliweka. Baadaye daktari wao wa siku nyingi akastaafu, na Sekela, kama utaratibu ulivyotaka, akafuta jina lake, ambalo chini yake yalihifadhiwa mafaili ya wagonjwa wake. Mtasema, si kulikuwa na nakala za akiba? Zilikuwepo. Lakini kila zilipojitengeneza upya zilinakili kile tu kilichosalia, mpaka nazo zikawa na pengo lilelile. Hakuna aliyejua.

Ndipo akaletwa mama mmoja, homa imempanda, hajitambui. Katika faili lake yule daktari alikuwa ameandika onyo kuhusu dawa ambayo mwili wa mama huyu hauistahimili. Nesi akalitafuta faili, hakuliona. Ndugu waliomleta hawakujua lolote. Akachomwa sindano ya dawa hiyohiyo, na hakuamka tena. Ameacha watoto, mdogo wao bado ananyonya.

Sekela akasimamishwa kazi. Walipomaliza mazishi akapanda gari mpaka chuoni. Anyosisye alikuwa ameshasikia habari za msiba ule. Alipomwona mlangoni, amekonda, macho yamevimba, akajua amekuja kumlaumu, akaanza kutafuta maneno ya kujitetea.

Lakini Sekela hakuja kulaumu.

"Kaka, nisamehe kuja bila taarifa. Kwenye simu nisingeweza, ningelia tu. Ile programu ina ubaya. Ukifuta jina la mtu, inameza na mafaili yake. Mama wa watu ametufia mikononi kwa ajili hiyo. Nikakumbuka kwamba na wewe unaitumia. Nakuomba, usifute jina la mtu yeyote, yasije yakakupata kama sisi."

Anyosisye akainamisha kichwa. "Mimi huwa sifuti, dada."

"Hufuti? Kwa nini?"

"Tangu lile la majaribio. Huwa nayafunga tu."

Sekela akamtazama. Akamtazama sana.

"Kumbe ulijua."

Hakutukana, hakupiga kelele. Alijitanda kanga yake, akaondoka.

Siku hiyo Anyosisye akawaandikia wale watengenezaji, mistari michache tu. Hawakumcheka. Walimshukuru, wakairekebisha upesi. Ilikuwa kazi ndogo.

Ndugu zangu, mnamwonea hasira fundi yule? Ngojeni kwanza. Tujitazame sisi. Tunamwona kijana wa jirani anaanza kulewa. Tunamkataza mwanetu asicheze naye, basi. Tunamjua mwashi anayeiba saruji. Hatumpi kazi, lakini mwenzetu akimwita, tunatazama pembeni. Binti wa kanisa hili anaposwa na mwanamume ambaye tunajua mkono wake ulivyo mwepesi wa kupiga. Tunafanya nini? Tunachangia harusi. Tunapiga vigelegele. Kisha tunakuja kushika jeneza, na tunalia machozi ya kweli kabisa.

Hatukusema uongo, ni kweli. Tulijiepusha, tukamwacha mwingine atumbukie.

Sina la kuwafariji leo. Yule mama hakurudi, na watoto wake wanalelewa na bibi. Ila najua kwamba humu ndani, katika mabenchi haya, yumo mtu anayejua jambo ambalo jirani yake hana habari nalo, na jambo hilo bado linatengenezeka. Ibada ikiisha, usiende nyumbani kwanza. Nenda kamwambie.