Noti Zenye Harufu ya Ndagala

Mwaka ule nchi jirani zilipofunga mipaka, bei ya sukari mjini Bujumbura ilipanda kama moshi. Lakini katika nyumba ya Bi Mwanvua, mtaani Buyenzi, kilichokosekana zaidi hakikuwa sukari, bali sauti ya kaka yake, Mzee Yahaya.

Kwa miaka ishirini na miwili Mzee Yahaya alikuwa keshia katika duka la vitambaa, na penzi lake lilikuwa nambari za noti. Wenzake walitazama noti ni ya faranga ngapi; yeye alitazama tarakimu zilizopigwa pembeni. Noti zilizofuatana bila kuruka hata moja, au noti iliyosomeka sawa kutoka kushoto na kutoka kulia, ambayo yeye aliiita "kioo", zilimfurahisha kama mtoto aliyepewa embe. Akiiona noti ya namna hiyo katika mauzo, alitoa ya kwake mfukoni akabadilisha, hesabu ya tajiri isipungue hata faranga moja. Albamu zake mbili zilikuwa zimejaa.

Vita vilipoingia Mutakura, walikokuwa wakiishi, familia ilikimbilia kwa Bi Mwanvua na nguo za mwilini tu. Albamu ziliporwa pamoja na vitanda. Hayo yangevumilika. Lililomvunja mzee ni kifo cha mwanawe Ilias, aliyepigwa risasi njiani wakikimbia. Tangu siku ya maziko, Mzee Yahaya hakutamka neno. Alikaa mkekani akiukodolea ukuta macho, na chakula alikionja kama shubiri. Daktari alimpima, kisha akamwambia binti yake, Assia, "Mwili wake hauna kitu. Anachoumwa mimi sina dawa yake."

Assia aliuza ndagala wakavu sokoni. Siku moja, akihesabu mauzo, alijikuta akisoma nambari za noti kama baba yake alivyozoea. Akatenga noti tatu za faranga ishirini na kuzipeleka nyumbani zikinuka samaki.

"Baba, tazama. Hizi mbili zinafuatana."

Mzee hakugeuka. Assia hakukata tamaa. Kila jioni alimwekea noti mkekani, na kila asubuhi alizikuta palepale.

Bi Mwanvua alivumilia wiki mbili, ya tatu akafoka. "Assia, we mutoto una akili kweli? Watoto wanakunywa uji bila sukari, we unaweka franga chini zilale!"

"Shangazi, ni noti ndogo tu. Nivumilie kidogo."

"Noti ndogo ndiyo inanunua chumvi!"

Assia aliinamisha kichwa. Alijua shangazi yake hasemi uongo, na usiku alijiuliza kama hakuwa akitwanga maji kwenye kinu. Hata hivyo, kesho yake alirudi na noti ya faranga hamsini, uso umemng'aa.

"Baba, leo nimepata kioo! Nne, saba, mbili, saba, mbili, nne."

Bega la mzee likatikisika. Aligeuka polepole, akaishika ile noti, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Apana," alisema kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wenye kutu. "Hiki si kioo, mwanangu. Nne na nne zinatazamana. Lakini huku ni saba, kule ni mbili. Nani alikudanganya?"

Assia aliziba mdomo kwa kanga. Machozi yalimtiririka huku akicheka. Nyuma yake, sufuria ilimponyoka Bi Mwanvua ikaanguka kwa kishindo, wala hakuna aliyeijali.

"Basi nifundishe, Baba," alisema Assia.

Akamfundisha. Jioni ile mzee aliomba daftari, na siku ya pili aliomba uji. Habari zilifika sokoni, na wachuuzi wakaanza kuchungulia nambari. Mteja mmoja, Jovithe, karani aliyeishi Mutanga Nord, mtaa wa upande wa pili wa vita, alileta noti kumi mpya za faranga mia, zilizofuatana kama siafu, kutoka kwenye mshahara wake. Siku zile watu waliogopana kwa sababu tu ya mtaa anakotoka mtu, lakini Mzee Yahaya alivaa kanzu, akatoka nje kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, akaenda sokoni kumpa noti kumi nyingine na kumshukuru kwa mikono miwili.

Mfanyabiashara mmoja, Libère, mkusanyaji wa noti, alizisikia sifa za zile kumi. Alikuja akazikagua, akataka kuzinunua kwa faranga elfu kumi. Assia aliingiwa na hofu. Je, zikiondoka, sauti nayo haitaondoka?

"Zingekuwa na mkunjo mmoja tu, zisingefika hata elfu tatu," mzee alimwambia Libère. "Hizi hazijakunjwa. Ongeza mbili."

Libère alicheka, akaongeza. Mzee alizikabidhi fedha zote kwa dada yake. "Mwanvua, nunua sukari. Watoto wamekunywa uji mchungu kwa ajili yangu."

Kisha akanyamaza. Assia alimtazama kwa wasiwasi.

"Ilias angenicheka," mzee alisema hatimaye. Hilo jina hakuwa amelitaja tangu maziko. "Angesema, 'Baba, umeuza rahisi.'" Akatabasamu, kisha akalia, kilio kirefu kilichokuwa kimemganda kifuani miezi yote ile. Assia alimshika mkono mpaka kikaisha.

Bi Mwanvua alipangusa macho, akafungua fundo la kanga yake, akatoa noti moja iliyochakaa.

"Kaka," alisema kwa aibu, "na hii je? Naona sifuri zake ni nyingi."

Mzee Yahaya aliipokea, akaisogeza dirishani, akaanza kueleza. Alieleza mpaka adhana ya magharibi. Daktari hakukosea kusema hana dawa, kwa maana haikuwa katika kabati lake: kipendacho moyo ni dawa.