Mkono Uliokuwa Ukivuma

Mficha maradhi kilio kitamfichua. Apollinarie wa Luvungi aliijua methali hii tangu shuleni, ila alidhani inawahusu wengine.

Figo zake zilikuwa zimekufa. Madaktari walimuunganishia mishipa ya mkono wa kulia ili mashine ya kusafisha damu kule Uvira ipate njia, na mahali hapo pakawa panavuma kutwa kucha kama mzinga wa nyuki. Mishipa ya mkono wa kushoto ilikuwa imeshaziba, na binadamu hana mkono wa tatu.

Nyumba ilikuwa kimya tangu mumewe afariki na Divine, binti yake wa pekee, aolewe Kalemie. Kila jioni Divine alipiga simu.

"Mama, weka simu ku mukono nisikie."

Apollinarie aliiweka, wakanyamaza wote wawili, wakasikiliza. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao matamu.

Jumapili moja, akitoka misani, aligusa mkono akakuta hauvumi. Ulidunda tu, kwa uzito. Amwambie nani? Divine angepanda boti na kitoto kichanga mgongoni. Jioni simu ilipolia, aliisogeza mdomoni, akafumba midomo, akavuma mwenyewe. Jamani, mtu mzima na mvi zake!

"Iko sawa, mama," Divine akasema, akaridhika.

Siku ya kwenda kliniki ya Uvira kusafishwa damu ilipofika hakwenda, kwa kuogopa kuambiwa mshipa umekufa. Miguu ikavimba. Jioni akavuma tena, macho yakiwa kwenye kiti kitupu cha marehemu. Mvumo ukageuka kilio asichoweza kukizuia.

"Mama, hiyo si mukono," Divine alisema polepole. "Weye uko unalia."

Apollinarie akamweleza yote. Divine akampigia Félicien, muuguzi wa kliniki, naye akatuma pikipiki imchukue mama. Mashine ya ekografi, ile ya kuonyesha mishipa kwa ndani, ilipopita juu ya mkono, mshipa ulionekana kwenye kioo ukiwa mpana, kisha ukabana ghafla ukawa kama uzi.

"Damu ingali inapita kidogo," Félicien alisema. "Mama, ungengoja tena, mshipa ungeziba kabisa."

Walimpeleka Bujumbura, mshipa ukapanuliwa kwa kiputo kidogo kilichotuniswa ndani yake. Divine alimkuta huko kitandani, akainama, akalaza sikio juu ya mkono bila simu, akausikia ukivuma tena. Apollinarie akalia tena, safari hii bila kujificha.

Kweli, mficha maradhi kilio kitamfichua.