Fungu la Namsifu

"Mlango ukifungwa, hata makande hutoa ushahidi." Mnacheka? Haya, chekeni. Makande mnayajua ya sufuriani tu. Methali hii ilianza hivi.

Zamani za mkoloni, huko milimani Upare, palikuwa na mjane akiitwa Nakijwa. Siku za msaragambo, watu walipotoka pamoja kuzibua mifereji, yeye ndiye aliyewapikia makande. Na desturi ilikuwa kwamba aliyekosa kufika kwa udhuru hanyimwi. Fungu lake hutengwa, akapelekewa aliko. Nakijwa alijivunia sana jambo hilo.

Mdogo wake, Kiondo, aliwahimiza watu wagomee kodi mpya. Serikali ilipomtafuta, akajificha. Basi Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akaunda baraza la siri: wazee wachache walioapishwa, mlango umefungwa, wakili haruhusiwi wala ndugu. Ukiitwa ukakataa kujibu, unawekwa kifungoni mpaka ufungue kinywa.

Nakijwa akaitwa. Rafiki yake Namsifu alimsindikiza hadi mlangoni.

"Dada, usiwaambie kitu," Namsifu akamsihi.

"Mimi? Hata wanikate ulimi, Kiondo simtoi!"

Na kweli, walipomuuliza habari za Kiondo alinyamaza kama jiwe. Ndipo Mzee Senkondo, jirani yake aliyekuwa mmoja wa wale walioapishwa, akatabasamu.

"Basi tuyaache hayo, mama. Makande ya juzi yalisifiwa. Yaliwatosha watu?"

Nakijwa akashusha pumzi. Mzee kauliza habari za chakula, utamnunia? "Yaliwatosha, na mengine yakabaki."

"Hata wasiokuwepo walipata?"

Hilo lilimchoma. "Mzee wangu, kwangu hakuna anayekosa fungu lake! Namsifu mwenyewe alibeba bakuli mpaka kule..."

Akajiziba mdomo. Lo! Maji yamekwisha kumwagika.

"Mpaka wapi?"

"Nimesahau."

"Si neno," akasema mzee kwa upole. "Nenda zako nyumbani, mama. Namsifu atakumbuka."

Namsifu akaitwa siku ile ile. Alipeleka wapi bakuli? Hakujibu. Wakamfunga. Kila alipotolewa na kuulizwa tena, hakujibu. Nakijwa alipika, akapeleka chakula gerezani, akaomba, akalia. Askari walimrudisha na bakuli lake limejaa. Mvua za masika zikaingia, Namsifu akashikwa na kichomi, akafa bila kutamka neno. Kiondo hawakumpata kamwe. Lakini rafiki wa namna ile, wanangu, humpati mara mbili.

Msaragambo uliofuata, Nakijwa aligawa makande kama kawaida, akatenga fungu moja. Watu walikula wakamaliza, lile fungu likabaki pale mpaka likapoa. Hakuna aliyethubutu kumuuliza ni la nani.

Wakati huo baraza lilikuwa limemwita mwanamke mwingine, Nampombe. Yeye akamwendea Nakijwa, akamwambia, "Siri sitatoa, dada. Lakini wakiniuliza habari za nyumbani tu, za watoto na za chakula, nisijibu? Si utovu wa adabu huo?"

Nakijwa alitazama lile fungu, machozi yakimtiririka.

"Uwe huna adabu, mdogo wangu," akasema. "Mimi nilikuwa nayo. Mlango ukifungwa, hata makande hutoa ushahidi."