Funga na Fungua

Hapo zamani, si ile ya fisi kusemezana na sungura, zamani hii tuliyoikuta na simu mfukoni, palikuwa na mji mdogo wa Kwemzizi katika milima ya Usambara. Mji ulikuwa na tangi moja la maji na mitaa miwili inayoligombea, mtaa wa Juu na mtaa wa Chini. Koki zake mbili kubwa hazikuwa na mipini. Iling'olewa, maana watu wa Juu walikuwa wakiwafungia watu wa Chini kwa siri, na watu wa Chini nao wakilipiza. Tangu hapo koki zikafunguliwa na kufungwa kwa kompyuta, na programu ya kuziendesha aliiandika Zahoro.

Zahoro hakusomea kazi hiyo. Alijifunza mwenyewe, kwa kukosea na kutukanwa. Aliandika ndani ya kihariri chepesi, ukurasa mtupu wa maandishi na basi, kwenye kompyuta mpakato kuukuu iliyopasuka kona. Kihariri hicho alikiita Kisu. "Kisu hakina maneno mengi," alisema. "Ukikata vibaya, umekata wewe." Watu wakamwita Bwana Maji, naye akalipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kisha akaja Pendael, binti wa Upareni, aliyesomea chuoni. Kompyuta yake ilikuwa mpya, na ndani yake alikuwa na mazingira mazito ya kuandikia programu, yenye kila kitu. Watu wakayaita Karakana. Ukianza neno, Karakana inalimalizia. Ukikosea, inapiga mstari mwekundu. Ukitaka kuona programu inavyotembea, inakushika mkono hatua kwa hatua. Ila kuamka kwake sasa: uchemshe chai, uinywe, uoshe na kikombe.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, Bi Saumu, akawaita wote wawili.

"Ufunguo wa chumba cha koki ni mmoja, na fundi mkuu ni mmoja," akasema. "Mwisho wa mwezi nitachagua. Nitakayemchagua, chombo chake ndicho kitakachotumika hapa, na cha mwenzake kitakaa kabatini."

Wivu ukapiga hodi, na Zahoro akaufungulia.

Wanawake waliopita na ndoo hawakusimama tena mlangoni kwake. Walisimama dirishani kwa Pendael kutazama rangi za Karakana. Wivu ukamkaa kooni. Bi Saumu akasema, "Binti ana mkono huyu." Wivu ukamkaa kooni. Hata mkewe, Mwajabu, akasema wakila, "Nasikia ile yake inakuonya kabla hujaharibu."

Zahoro akasukuma sahani. "Basi kaolewe na Karakana."

"Haijaniposa," akasema Mwajabu, akaendelea kula.

Siku moja Zahoro akashindwa kujizuia. "Dada Pendael, umebeba nyumba nzima kwenda kuchanja kuni."

"Na wewe kaka Zahoro umeingia msituni na wembe."

Ijumaa moja Bi Saumu akaagiza zamu mpya: kesho asubuhi koki ya Chini ifungwe, ya Juu ifunguliwe. Akampa Pendael kazi hiyo. Pendael akaketi kuandika ndani ya programu ile ile ya Zahoro, na Zahoro akasimama nyuma ya bega lake, eti anatafuta chaja. Kwenye koki ya Juu Pendael akaandika "fung", na Karakana, kwa kuwa herufi a huitangulia u, ikampa "funga". Akalikubali bila kutazama. Mstari mwekundu haukutokea. Neno lilikuwa zima, ila halikuwa lenyewe.

Zahoro akaliona. Ulimi ukainuka, ukakutana na wivu kooni, ukarudi.

Asubuhi koki zote mbili zilikuwa zimefungwa. Chemchemi inayolilisha tangi haijui zamu, ikaendelea kumwaga. Tangi likajaa, ukuta wake mkongwe ukaanza kuvuja kwenye ufa, na chini ya ukuta ule ni zahanati, wodi ya wazazi. Wakunga wakaanza kuwatoa wanawake, vichanga mikononi. Koki zilikuwa na umeme wake wa jua, lakini umeme wa mji ulikuwa umekatika, na Karakana ilikuwa imeshainywa betri ya Pendael. Akabonyeza, kioo kikabaki cheusi.

Zahoro akaja mbio, Kisu kwapani. Akachomeka waya wa koki, akawasha, akaenda moja kwa moja kwenye neno, akatia herufi moja tu, u. Koki ikaguna. Maji yakashuka mtaa wa Juu, na ukuta ukasimama.

"Bwana Maji huyo," watu wakasema. Likamwingia sikioni kama asali.

Umeme uliporudi, Pendael hakujificha. Aliwaita wanakamati, akasema, "Kosa lilikuwa langu." Kisha akawasha Karakana, akaitembeza programu nzima, zamu baada ya zamu, ili asibakize jingine. Karakana ikafika Ijumaa kabla ya adhuhuri, koki ya Chini: funga.

"Hapa palitakiwa fungua," akasema. "Hili si langu. Liko tangu siku ya kwanza."

Miaka yote watu wa Chini walikwenda msikitini Ijumaa na maji ya kutawadhia ndooni.

"Kumbe tumeisingizia chemchemi," akasema Mzee Shekue wa Chini.

Zahoro akachemka. "Langu halikuihatarisha wodi ya wazazi."

"Kweli," akasema Pendael. "Ila nikuulize, kaka. Programu ina mistari kama nywele za kichwa. Asubuhi hukutafuta. Ulikwenda moja kwa moja kwenye neno. Ulijuaje?"

Zahoro alikuwa na mabaya yake, lakini uongo hakuwa nao.

"Nililiona jana, ulipoliandika. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa wewe."

Bi Saumu akauweka ufunguo mezani. "Semeni, kila mtu lake."

"Mimi niliokoa wodi," akasema Zahoro. "Chepesi kiliamka, kizito kikiwa kimelala. Na nilipoulizwa nimejibu, sikuzungukazunguka."

"Mimi nilikosea kwa mkono uliozoea kumaliziwa maneno," akasema Pendael. "Lakini kizito ndicho kilichofichua kosa ambalo macho ya kaka Zahoro yamelipita miaka nenda rudi. Wala sijamwona mwenzangu akitumbukia nikafumba mdomo."

"Hata ningekuwa sijui, yako isingewaka."

"Na ungekuwa hujui, ungelipata kabla ukuta haujaanguka?"

Bi Saumu amenyoosha mkono juu ya ufunguo. Zahoro anautazama mkono ule, Pendael anautazama, na watu wa Juu na wa Chini wamejaa mlangoni. Haya, nyinyi mliosikia yote bila kufichwa neno, msinijibu kwa kupepesa macho: je, nani alistahili ufunguo?