Yai la Ausi Mchopa

Alikuwepo mtu mmoja, Ausi Mchopa, aliyekuwa na nyumba ya vyumba vinne, na mgeni akija anasimama. Viti vilikuwepo, tena vya mninga, lakini vilikaliwa na mawe. Kabati la vyombo lilijaa mawe. Uvunguni mwa kitanda, mawe. Mkewe, Somoe, alipepetea mchele mlangoni, kwa sababu jikoni palilala mfupa wa paja wa mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona, umenyooka kutoka ukuta hadi ukuta, na ruhusa ya kuuruka hakuna.

Hayakuwa mawe ya kujengea, ndugu zangu. Yalikuwa visukuku, yaani mifupa na meno na magamba ya viumbe waliokufa zamani sana, wakafukiwa, wakageuka mawe. Upande ule wa kusini, mvua kubwa zikishapita, makorongo hubomoka na vitu hivyo vikatokeza. Wengine wakiviona hupita. Ausi naye alipita siku ya kwanza, kisha akarudi, na huko kurudi ndiko kulikoiponza mikorosho yake. Wenzake wakipalilia, yeye yuko korongoni ameinama, ana kijiti na brashi ya viatu.

Mawe aliyajua kwa ulimi. Mzee mmoja aliyewahi kuwabebea mizigo wachimbaji wa visukuku ndiye aliyemfundisha kwamba mfupa uliogeuka jiwe ukiulamba hunata, na jiwe la kawaida halinati. Basi Ausi akalamba nusu ya wilaya. Asichookota, alinunua. Wachoma mkaa walimjua upesi. Walimletea kipande cha kinu kilichovunjika, akatoa jogoo. Kilinata kidogo, alisema, na kidogo si haba. Walimletea goti la ng'ombe wa Idi iliyopita, limelala majivuni wiki mbili, akatoa shati alilovaa. Somoe alipomwona anarudi kifua wazi alienda kumtafutia lingine.

Kila jiwe alilibandikia karatasi: limetoka wapi, siku gani, nani alikuwepo. Mwulize siku aliyozaliwa binti yake, atamwita mkewe amsaidie. Mwulize siku aliyopata jino la mamba, atakutajia na saa.

Bwana wa mawe yote lilikuwa moja la mviringo, ukubwa wa nazi iliyofuliwa, lililokaa peke yake kwenye kiti kikubwa, juu ya kitambaa alichofuma Somoe kwa ajili ya harusi yake mwenyewe. Ausi alisema ni yai. Yai la mjusi mkubwa kuliko msikiti. Kila mgeni aliombwa alilambe ajionee, na mgeni mwenye adabu hamkatalii mwenyeji. Mwenyekiti wa kijiji alililamba. Mwalimu mkuu alililamba mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alionekana kama anadanganya. Sheikh alisema amefunga, na haikuwa Ramadhani.

Sasa, Somoe alikuwa na kaka yake, Nalinga, mfuga mbuzi wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Na kwa watu wa kule shemeji ni mtani wako. Ana haki ya kukusema vibaya mbele ya mama yako mzazi, nawe unacheka, kisha unamrudishia lako, na mwenye kununa ndiye mwenye kosa. Siku Nalinga alipoonyeshwa lile yai, alilizungusha mkononi, akalinusa, akasema mbele ya watu wote waliokuja kula pilau, "Shemeji, haya ni mavi."

Watu wakacheka. Ausi naye angecheka, angetupa neno moja kuhusu mbuzi wa Nalinga, na mambo yangekwisha hapo hapo, pilau ikaendelea. Hakucheka. Aliingia chumbani, akafunga mlango. Lile neno hakulirudisha, alilihifadhi. Alichukua kalamu, na nyuma ya karatasi ya yai akaandika jina la Nalinga, na siku, na kwamba watu kumi na sita walisikia.

Ikapita miaka kumi na moja. Salamu hakuna, mguu wa Ausi ng'ambo ya mto hakuna. Mke wa Nalinga alipofariki, Somoe alikwenda matangani peke yake. Ausi alituma rambirambi na kusema mgongo unamsumbua, hawezi kutembea. Alasiri hiyo hiyo walimwona korongoni amejikunja, kichwa chini, anabrashi. Somoe alipoambiwa aliendelea kupepeta mchele. Alikuwa amekwisha kusema yote mwaka wa kwanza, akachoka.

Kisha binti yao Mwajabu akachumbiwa. Kijana alikuwa fundi cherehani kutoka Nachingwea, mpole, na Mwajabu alimpenda hasa, si kwa kuambiwa ampende. Lakini kusini kule baba hulea, na mjomba ndiye anayesema ndiyo. Pasipo mjomba, posa haipokelewi, na baba ndiye wa kwenda kumwita kwa miguu yake. Wazee wa kijana walikuja mara ya kwanza, wakaambiwa mjomba ana safari. Walikuja mara ya pili, wakaletewa binamu wa mbali wa Somoe, kiziwi, aliyedhani ameitwa kununua mbuzi na akaanza kuuliza walipo. Walinywa chai wamesimama, wakaaga. Walisema kwa adabu kwamba watarudi mwisho wa mwezi, na kwamba hawatarudi tena baada ya hapo. Mwajabu akaacha kula. Nguo zake, alizozishona yule kijana kwa vipimo vyake, zikaanza kumpwaya.

Msimwone Ausi mtu mbaya. Alimpenda binti yake, na usingizi ulimpaa. Ila kuliko kwenda kwa Nalinga, alisema, ni heri alambe makaa ya moto. Hesabu yake ilikuwa nyingine. Alikwisha kuandika barua makumbusho ya mjini, na sasa akaandika ya pili, akaomba mtaalamu aje haraka. Mtaalamu akija, atatamka mbele ya watu kwamba yai ni yai. Habari itavuka mto. Nalinga ataona haya, atakuja kwa miguu yake kuomba radhi, na akishakuja, si mjomba amekuja? Posa itapokelewa siku hiyo hiyo. Alimweleza Somoe mpango huu mara tatu, na kila mara uliendelea kumpendeza yeye mwenyewe.

Mtaalamu akaja, Dokta Ngaiza, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani na kioo cha kukuzia vitu. Kijiji kizima kilijaa uani na madirishani. Ausi alivaa kanzu. Dokta alilipokea jiwe kwa mikono miwili, akaliweka kwenye mwanga, akaligeuza, akachungulia kwa kioo chake muda mrefu. Uso wake ukachangamka. Alisema amekuwa akilitafuta la namna hii tangu alipoanza kazi, na kwamba ni adimu mno. Ausi aligeuka akawatazama watu mmoja mmoja, polepole, ili asimwache mtu. Dokta akaendelea kusema kwamba mnyama aliyeliacha hili alikula majani magumu, na mbegu zake bado zinaonekana humo ndani.

Ausi akauliza, yai linakulaje majani.

Dokta akashangaa. Alisema hakumbuki kutaja yai. "Ni mavi, mzee," akasema kwa heshima zote. "Tena mavi mazuri sana."

Mwenyekiti wa kijiji alitoka nje akatema mate, akaomba maji, akasukutua, akatema tena. Mwalimu mkuu alikuwa ameshafika kisimani. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini kwenye mawe ya Ausi bila kuomba ruhusa. Dokta alijitahidi kueleza kwamba kitu kile kina thamani kuliko yai, kwamba kitawafundisha wanafunzi wengi, lakini nani alimsikiliza. Alikifunga vizuri kwenye pamba, akamshukuru Ausi kwa kukitunza miaka yote hiyo, akamsainisha kwamba kinakwenda makumbusho, na gari likaondoka nacho.

Watu walipokwisha kutawanyika, Ausi alibaki ameketi sakafuni. Aibu ilimchoma. Akasema sasa ndiyo basi. Mwanzo kwenda kwa Nalinga kulikuwa kugumu, sasa hakuwezekani kabisa, maana atakwenda kumwambia nini? Kwamba ulisema kweli? Mwajabu atafute mchumba mwingine, au akae. Na Mwajabu alikuwa nyuma ya pazia, akasikia, akaanza kulia kwa sauti ya chini.

Hapo Somoe akaweka ungo chini, akaja akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Mwajabu," akasema, "mnyama yule alijisaidia akaenda zake. Aliyebaki hapo analinda ni wewe."

Ausi alikisikiliza kilio cha binti yake, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi mkewe alivyozeeka akipepetea mlangoni. Moyo ulimuuma kweli. Akainuka, akavaa ndala, akashika njia ya mtoni na kanzu yake ile ile.

Njia nzima alijizoeza maneno. Alimkuta Nalinga zizini anamkata kwato beberu. Ausi hakungoja hata kukaribishwa. Akasimama, akaanza kusema kama shahidi mahakamani: kwamba siku fulani, ya mwezi fulani, mwaka fulani, mbele ya watu kumi na sita, wewe ulisema jiwe langu ni mavi; kwamba leo mtaalamu amethibitisha; kwamba mimi niliyenuna ndimi mwenye kosa, na nimekuja kuomba radhi.

Nalinga alimsikiliza mdomo wazi. Akauliza, jiwe gani. Ausi akamweleza. Nalinga akakuna kichwa. Alijaribu kwa dhati kukumbuka, maana alimwona mwenzake amevuka mto kwa jambo hilo, lakini hakupata kitu: si jiwe, si siku, si hata pilau. Akasema mambo ya namna hiyo ameyasema mengi kwa watu wengi, na huenda siku hiyo alisema pia kuhusu pua ya Ausi, kwa kuwa pua ile ni vigumu kuiacha. Miaka yote hiyo alidhani shemeji yake ametingwa na mawe tu.

Kisha akakigeuza kisu mkononi. Akasema liko jambo moja analolikumbuka yeye. Siku ya tatu ya matanga ya mkewe, watani walikuja kama desturi ilivyo, wakavaa nguo za marehemu, wakamwigiza anavyotembea na anavyogomba, ili mfiwa apate kucheka kidogo na roho irudi. Watu wote walicheka.

"Mimi nilikungoja wewe ndipo nicheke," Nalinga akasema.

Ausi akakaa chini pale pale zizini, katikati ya mbuzi na vyote vya mbuzi, akalia kama mtoto. Na katikati ya kulia, kwa sauti isiyotulia, akasema kwamba mbuzi wa Nalinga wamekonda mno, makumbusho wangewachukua leo hii bila kusubiri wafe. Lilichelewa miaka kumi na moja neno lile, lakini lilifika. Nalinga alicheka hadi kisu kikamdondoka na beberu akatoroka na kwato tatu zilizokatwa na moja ndefu. Wakamkimbiza wote wawili, wazee wazima, mmoja na kanzu. Mwisho wa mwezi wazee wa Nachingwea waliporudi, mjomba ndiye aliyewapokea mlangoni, na Mwajabu akaolewa.

Basi wewe unayelitunza neno la ndugu yako hadi limekuwa jiwe, ukijua siku na saa na waliosikia: umewahi kumwuliza kama analikumbuka?