Kifaru Aliyekataza Wimbo

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti au mnapiga chafya? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa nawasikia. Mlioko nyuma sogeeni, na anayetafuna atafune kwa adabu.

Hapo zamani za kale, zamani kabisa, wanyama walipokuwa wakisema na kusikilizana, kulitokea ukame. Vuli haikunyesha, masika hayakunyesha, na mto wao ukabaki mchanga mtupu. Tembo walihama na nguvu zao. Waliobaki wakakutana wakasema, "Tukikaa tutakufa. Tuchimbe mtoni."

Wakachimba. Nguchiro alichimba, Ngiri alichimba, Nyani alichimba huku akilalamika kama kawaida yake. Mchanga waliuvuta juu kwa kamba nene ya magome ya miombo, na kazi iliongozwa na Hondohondo, yule ndege mweusi mwenye mdomo mkubwa na sauti ya ngoma. Yeye ndiye aliyekuwa manju wao. Yeye aliimba, wengine wakaitikia, na kwenye kuitikia ndipo walipovuta wote kwa pamoja.

Sasa ishikeni desturi yao vizuri, msije mkaniuliza baadaye. Wimbo wa kazi haukuwa na kesi. Kamba ikishakazwa, manju alikuwa na ruhusa ya kumtaja yeyote, mvivu au mwizi, mkubwa au mdogo. Aliyetajwa alitakiwa kuvuta tu. Akitaka kukasirika, atakasirika kwake.

Siku ya thelathini wakapata maji. Kisima kilikuwa na kina cha twiga wawili, na upande mmoja waliacha njia ya kushukia. Maji yalichotwa kwa kata, na hakuna aliyeruhusiwa kutia mguu. Wakamchagua Kifaru awe mlinzi kwa sababu ya pembe yake.

"Apa," wakamwambia.

Kifaru akaapa: "Atakayetia mguu kwenye maji haya, pembe yangu itamjua!"

Wakapiga vigelegele. Nami ningekuwapo ningepiga, msinicheke.

Mwezi wa kwanza Kifaru alilinda vizuri. Mwezi wa pili akajitafutia mpambe, Kenge. Waswahili husema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Huyu hakungoja msafara, alikuja mwenyewe na wapwa zake kumi na wawili, akawapanga vichakani wasikilize nani anasema nini.

Mwezi wa tatu maji yakaanza kunuka. Ndama wakaharisha. Mama Pundamilia akamzika mwanawe, na wiki haijaisha Mama Swala naye akamzika wa kwake. Wakamwendea Kenge.

"Maji yana nini?"

"Ni madini," alisema Kenge. "Yanaimarisha mifupa."

Lakini Hondohondo alikuwa ameruka juu ya kisima jua la utosi, wakati wengine wamelala vivulini, akaona kwa macho yake. Kifaru yumo majini mpaka kifuani, anajigaragaza na kukojoa, na Kenge anamsugua mgongo.

Habari ikaenea. Hasira, ndugu zangu! Ngiri alitoa povu. Pundamilia alipiga kwato mpaka vumbi likamfunika. Wakakusanyika kisimani wakataka majibu.

Hawakujibiwa. Walisomewa sheria. Kenge alipanda jiwe akatangaza: "Kwa usalama wenu, kuanzia leo wanyama zaidi ya wawili wasisimame pamoja!"

Wakatawanyika. Lakini walipopita wawili wawili na maji yao, waliimba ule wimbo wa kazi, na mle ndani Kifaru alitajwa.

Kenge akapanda jiwe mara ya pili: "Kwa utulivu wenu, kuanzia leo hakuna kuimba wala kupaza sauti!"

Wakanyamaza. Lakini macho yalibaki, na kila aliyekwenda kuchota alichungulia chini akaona nyayo za Kifaru kwenye tope.

Kenge akapanda jiwe mara ya tatu: "Kwa heshima, kuanzia leo anayekuja kisimani ainamishe kichwa, asitazame ndani! Mtachotewa!"

Wakainamisha vichwa. Ndiyo, waliinamisha. Kwani nyinyi mngefanya nini, na kila kichaka kina masikio?

Ila Hondohondo. Asubuhi iliyofuata alitua ukingoni akaimba kwa sauti yake yote: "Nani kaoga kisimani?" Hakuitikiwa hata na mmoja. Wapwa wa Kenge wakamkamata wakamtumbukiza kwenye tundu la ukingo wa mto, na Kifaru akasukumia jiwe mlangoni. Ikabaki nafasi ndogo ya kupitisha ncha ya mdomo.

"Atatoka siku atakaposema aliota," alisema Kenge. "Mpaka hapo, hakuna kumpa chakula wala maji."

Bi Hondo, mke wa Hondohondo, akaenda kukaa kwenye lile jiwe. Alizoea yeye kukaa tunduni akiatamia, mumewe akimletea mende na matunda. Leo mambo yamegeuka, na hana ruhusa ya kumpitishia hata tone la maji. Wapwa wa Kenge wamekaa pembeni, wanamtazama mdomo.

Siku ya kwanza akamwambia, "Baba Watoto, sema tu uliota."

"Sikuota."

"Najua hukuota! Mimi si mjinga. Nakuomba useme, utoke."

"Mwana wa Swala amekufa, mke wangu. Na yeye aliota?"

Siku ya pili akamwambia, "Baba Watoto, watoto wanakuuliza."

"Waambie nipo," alisema, na sauti ilikuwa imekauka.

Siku ya tatu akamwita mara moja, kimya. Akamwita mara ya pili, kimya. Mara ya tatu akasikia kitu kikikwaruza jiwe kwa ndani, kidogo tu. Bi Hondo akalia kwa kuyabana meno ambayo hana, maana kupaza sauti kulikatazwa.

Siku hiyo hiyo, jua la utosi, Kifaru akashuka kuoga.

Sasa kule kuoga kila siku kulikuwa kumekula kuta za kisima. Ufa ulikuwepo, mrefu, unaoonekana na kila mwenye jicho. Lakini nani angeuona, na vichwa vimeinama? Na aliyeuona kwa bahati mbaya, angesema kwa mdomo upi?

Njia ya kushukia ikaporomoka. Mchanga ukamfunika Kifaru mpaka mabegani. Kila akitapatapa, unamwagika mwingine. Kenge alimruka kichwani, akaparamia ukuta, akatoka mbio.

"Jamani, saidieni! Mkubwa anazama!"

Wanyama wakatoka vivulini, wakasimama wawili wawili, vichwa chini. 

"Mmesikia? Vuteni!"

Nyani akanong'ona, "Afe."

Bi Hondo akasikia. Akatoka kwenye jiwe lake akasogea karibu na Nyani. "Akifia mle, ataozea mle. Utakunywa nini kesho?" Nyani akakuna kichwa. Ndipo Bi Hondo akasimama ukingoni akatazama ndani. Alikuwa wa kwanza kutazama tangu sheria ya tatu.

"Mkubwa," alisema, "kamba iko hapa. Lakini inataka migongo arobaini, na sheria yako inasema wawili."

"Naifuta!" alipiga kelele Kifaru. Mchanga umefika shingoni.

Wakaja arobaini, wakakaza kamba kwenye pembe yake. Wakavuta. Huyu alivuta huku, yule kule, viganja vikachunika, Kifaru hakusogea hata kidogo.

"Mkubwa, bila wimbo hatuvuti pamoja, na wimbo umekatazwa."

"Naufungua! Imbeni!"

Wakajaribu kuimba. Ngiri alianza juu mno, Pundamilia akaanza chini mno, Nyani akasahau maneno. Kamba ikalegea. Mchanga ukafika kidevuni.

"Mkubwa," alisema Bi Hondo, "manju ni mmoja. Yumo tunduni, jiwe lako liko mlangoni."

Kifaru akafikiri. Mnasikia? Mchanga uko kidevuni, na bado alifikiri! Alifikiri mpaka ukafika mdomoni.

"Mtoeni," alisema.

Wakakimbia, wakabingirisha jiwe. Bi Hondo akaingia mwenyewe akamtoa mumewe, mwepesi, macho yamefumba, ulimi umevimba. Akamdondoshea maji ya kwenye kata kwa mdomo wake, tone, tone, tone. Jicho moja likafumbuka.

"Unaweza kuimba?" alimwuliza.

"Nani amekwama?"

"Yeye."

Hondohondo akatazama kisimani. Kisha akasema, "Niegemezeni."

Wakamwegemeza kwa mkewe. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, imechanika, lakini kila mmoja aliijua.

"Nani kachimba kisima?"

"Sisi! Vuta!"

"Kwa mikono ya nani?"

"Yetu! Vuta!"

Kifaru akasogea. Mabega yakatoka mchangani, tumbo likatoka. Arobaini walivuta kwa pamoja, mgongo mmoja, pumzi moja, na machozi yaliwatoka, maana hawakuwa wamesikiana sauti siku nyingi.

"Nani kaapa kwa pembe?"

"Yeye! Vuta!"

"Nani kaoga kisimani?"

"Yeye! Vuta!"

Kifaru alikuwa juu sasa. Miguu ya mbele imeshika ukingo. Alibakiza mvuto mmoja, jamani, mmoja tu! Akawaona wote arobaini, vichwa juu, wanamtazama usoni na kumtaja. Wimbo wa kazi hauna kesi, naye alijua tangu utoto. Lakini aliyezoea kusifiwa hawezi kusubiri hata mvuto mmoja.

"Nani kawazika watoto—"

"NYAMAZENI!" alinguruma Kifaru. "Mkubwa hapa ni mimi!"

Wakanyamaza.

Woga ni mazoea. Midomo arobaini ilijifunga kwa pamoja, na mikono ilizoea kufuata midomo. Kamba ikalegea, ikawachomoka viganjani. Kifaru akarudi chini kwa uzito wake wote, na ukuta uliobaki ukamfuata. Wakasikia kishindo, kisha mchanga ukimwagika, kisha wakawa hawasikii kitu.

Hakuna aliyecheka. Mama Swala alikaa chini akajishika kichwa. Kisima chao cha siku thelathini kilikuwa kaburi, na jua bado lilikuwa kali.

Kenge akajitokeza nyuma ya jiwe. "Mmemuua!" alisema. "Mmemuua mkubwa!"

Bi Hondo akageuka. Hakupaza sauti.

"Sisi tulitii."

Kenge akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Akaanza kurudi nyuma, kisha akageuka akakimbia na wapwa zake wote. Ndiyo maana mpaka leo kenge akisikia hatua za mtu hukurupuka mbio, hata kama hujamtamkia neno.

Nao waliobaki? Walikwenda mbele kidogo mtoni, wakachimba tena, usiku na mchana, wakiishi kwa maji ya umande na mizizi. Sauti ya Hondohondo haikurudi ilivyokuwa. Mkewe akawa manju, naye akakaa karibu akimsahihisha, na waligombana sana juu ya maneno. Na mlinzi wa kisima kipya alichaguliwa kwa sharti moja: kila jioni asimame katikati, aimbiwe, na asijibu.

Basi watoto wangu, fundisho ndilo hili. Mkubwa anayewaziba watu midomo amejiziba masikio, na siku ya kuporomoka hataambiwa. Na nyinyi mnaoinamisha vichwa, ujueni woga: mkiufuga muda mrefu utawaponyoka siku msiyotaka, na kisima mtakachofukia ni chenu.

Mimi kamba yangu naiachia hapa. Aliyeshika upande wa pili avute, asimulie wengine, na akisahau maneno asininong'oneze. Aulize kwa sauti.